Pikapu ya Hyasinta

Mke wangu Hyasinta alikuwa muuza dagaa wa Murangi. Alinunua gari mara moja tu maishani mwake. Watu wanaotaka kununua gari mara ya kwanza hunijia kuniuliza, kwa sababu wanajua yaliyotupata. Huwa nawaambia kidogo. Leo naandika yote.

Alizaliwa Kiriba, kwa watu wa muhogo na nyavu. Nyumbani hakuwa na maneno mengi. Sokoni alikuwaga mtu mwingine kabisa. Mteja akisema dagaa hawa wana mchanga, alikuwa anamjibu, "Chukua, mchanga nakuongeza bure."

Miaka ya shida ilimchosha. Sabuni hakuna, dizeli hakuna, lori la ushirika limekaa juu ya mawe halina tairi. Aliwaanika dagaa pale ziwani, wakakauka vizuri, gari ya kuwapeleka Bunda haikuja. Mvua ikaja, wakaoza. Nilimwona anawafukia shambani kwa jembe. Hakulia.

"Siku moja nitakuwa na gari yangu, Baba Tereza," alisema.

Nilicheka. Nani wa Murangi alikuwa na gari wakati ule?

Halafu watu wakaanza kusema ni ruksa kuleta vitu toka nje. Maduka yakajaa vitu. Magari yaliyotumika huko nje yakaonekana Musoma mjini, pikapu za rangi za kung'aa, na watu wa kawaida ndani yake, si wakubwa. Hyasinta akawa akiliona moja linapita anasimama hadi vumbi liishe.

Mwaka wa tisini na moja binti yetu Tereza akaolewa. Tukapokea ng'ombe kumi na wawili. Kwetu ng'ombe wa binti ni wa kaka yake kuolea. Kaka yake ni Pastory, na Pastory alikuwa na mchumba huko Butiama, anaitwa Miriamu. Wazee wa Butiama walitupa mwaka mmoja.

Hyasinta akasema, "Tuwauze, tununue pikapu. Kabla ya mwaka kwisha nitawarudisha wote."

"Na usipowarudisha?"

"Nitawarudisha."

"Nikikuuliza tena?"

"Uliza tena."

Tulimwita Pastory tukamwambia. Akasema, "Mama, hao ng'ombe ni mke wangu. Unauza mke wangu ununue bati."

Mama yake alicheka. Yeye hakucheka. Lakini alikubali, kwa kuwa ni mama yake.

Gari tuliipata Nyasura, pale Bunda. Mwenyewe aliitwa Mwikwabe, mtu wa shati safi. Tulikwenda watatu: mimi, Hyasinta na shemeji yangu Lukas, kaka yake Hyasinta, aliyekuwa dereva wa lori la ushirika. Pikapu ilikuwa ya bluu. Tulipofika ilikuwa tayari inanguruma.

Mimi najua ng'ombe. Gari siijui. Nikaizunguka kama ninavyozunguka ng'ombe mnadani. Nikaigonga ubavuni. Hyasinta akainama kuangalia tairi, meno yake yamebaki kiasi gani. Akafungua mlango, akaufunga. Akaufungua tena.

Mwikwabe akasema, "Mama, unatafuta gari au unatafuta mchumba?"

"Mchumba ninaye, huyu hapa," Hyasinta akamjibu. "Na yeye nilimkagua hivihivi."

Tukacheka wote. Tukaelewana bei. Ndipo Lukas akauliza habari ya kadi ya gari, ile yenye jina la mwenyewe.

"Kadi iko kwa ndugu yangu Mwanza," Mwikwabe akasema. "Wiki ijayo nitawaletea mpaka Murangi."

Hyasinta akaniangalia. Alikuwa anangoja neno langu, maana ununuzi wa zizini ulikuwaga kazi yangu.

Kwetu ukinunua ng'ombe, unakwenda na kamba yako. Kamba ya mwenyewe inabaki kwa mwenyewe. Hawezi kukupa kamba, maana ni kama amekupa zizi zima. Na wewe huombi, ni kukosa adabu. Nilivyoisikia habari ya kadi, nikaiona ni kamba hiyohiyo.

Nikasema, "Abaki nayo. Sisi tumenunua gari, hatukununua karatasi."

Lukas naye akasema, "Hata kadi ya lori la ushirika sijawahi kuiona. Ilikuwa ofisini."

Hyasinta akatoa pesa yote. Tukaondoka.

Wiki tatu alikuwa mtu mwenye furaha. Alikuwa anakaa mbele na Lukas, kitambaa kichwani, mkono nje ya dirisha. Mwikwabe hakuja na kadi. Nikasema moyoni, atakuja.

Wiki ya nne gari ikaanza kutoa moshi wa bluu. Asubuhi ilikuwa inagoma kuwaka mpaka isukumwe. Tukaipeleka Musoma kwa fundi Keraryo, mzee wa mkono mmoja mfupi, mwenye gereji chini ya bati tupu. Akafungua boneti.

"Mlipoinunua, mlikuta boneti ni ya baridi?"

"Tuliikuta inanguruma," nikasema.

"Basi aliipasha moto ili msijue. Gari inanunuliwa asubuhi, ikiwa ya baridi, na unakwenda na fundi wako. Haya, hii nitaitengeneza. Injini bado ina uhai. Nipeni kadi nilinganishe namba ya injini na ya chasisi."

Nikamweleza habari ya kamba. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akafuta mikono yake kwa tambara, taratibu sana.

"Mzee," akasema, "ng'ombe wako akipotea, majirani wanamjua, watasema ni wako wewe Wanzagi. Gari haina majirani. Mwenye kadi ndiye mwenye gari. Hela unaitoa mkiwa wote ofisi ya mapato, jina likibadilishwa mbele ya macho yako. Nendeni Nyasura leo. Msingoje kesho."

Hyasinta alikuwa ameshapanda gari.

Pale njia panda ya kwenda Butiama alikuwa amesimama trafiki. Siku zote tulikuwa tunampita bila hofu kwa sababu hatukujua. Siku ile tulijua. Lukas akapunguza mwendo, jasho linamtoka shingoni. Trafiki alikuwa ameinamia dirisha la basi. Hakutuona. Hyasinta alikuwa anasali rozari bila rozari, anahesabu kwa vidole.

Nyasura tukakuta nyumba ya Mwikwabe imefungwa kwa kufuli. Kibarazani ameketi mtu mnene mwenye kofia. Alipoiona pikapu akasimama. Akaisogelea, akasoma namba, akatoa karatasi iliyofungwa kwenye nailoni.

"Hii gari ni yangu," akasema. "Mmeitoa wapi?"

"Kwa Mwikwabe," nikasema.

Jina lake Bernado, mfanyabiashara wa Musoma. Mwikwabe alimuuzia kadi wiki moja kabla yetu, jina likabadilishwa kabisa. Gari akamwambia iko gereji, asubiri. Yeye alipata kadi, sisi tukapata gari.

Tukaenda polisi. Askari akasoma kadi, akatoka nje akasoma chasisi kwa tochi, akarudi.

"Mama, una karatasi yoyote? Hata ya mkono?"

"Sina."

"Shahidi?"

"Mume wangu na kaka yangu."

Akatikisa kichwa. "Gari ni ya Bwana Bernado. Huyo Mwikwabe tutamtafuta."

Hawakumpata hadi leo.

Nilitaka kuondoka. Hyasinta akabaki amesimama mbele ya Bernado.

"Baba, dereva unaye?"

"Bado."

"Huyu kaka yangu anaijua hiyo gari inavyogoma. Mchukue. Ila Jumatano na Jumamosi inibebee dagaa zangu toka Murangi bila nauli, mwaka mmoja."

"Kwa nini nikubali?"

"Kwa sababu umetuona tulivyoingia hapa."

Bernado alivua kofia, akaivaa tena. "Miezi sita," akasema.

"Sita," Hyasinta akasema.

Tukarudi Murangi kwa miguu na kwa lifti. Pastory alikuwa anatungoja uani pamoja na baba zake wadogo wawili. Habari ilikwishafika.

"Ni nani aliyeacha kadi?" Pastory akauliza.

Nilifungua mdomo. Mbele yangu walikuwa ndugu zangu walionipa heshima ya mkubwa, na mwanangu ambaye ng'ombe wake nilikuwa nimempa mwizi. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata ziwani.

"Ni mimi," Hyasinta akasema. "Sikuuliza."

Nikafunga mdomo.

Wazee wa Butiama hawakungoja. Miriamu aliolewa kwingine. Hyasinta alirudisha ng'ombe mmoja mmoja, dagaa kwa dagaa, miaka minne, na Pastory akaoa msichana wa Kiriba. Lakini miaka hiyo yote alikuwa anamsalimia mama yake kama mtu wa njiani. Shikamoo, basi. Baadaye alilegea kidogo, haikuwa kama zamani. Hyasinta hakulalamika, wala hakuniuliza kwa nini ninanyamaza. Nilikuwa najiambia nitasema Krismasi. Nitasema Pasaka.

Mwezi wa tatu mwaka huu tumemzika.

Jana Pastory alikuja kuniambia anataka kununua gari. Nikamwambia aende asubuhi, achukue fundi, asome chasisi, jina libadilike kwanza ndipo atoe pesa. Kisha nikamwambia nani aliacha kadi.

"Mbona hukusema, baba?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Wewe," nikasema.

Aliinuka akaenda zake. Leo hajaja. Natazama njia.