Boliti Yenye Alama ya Njano

Gereji nzima ilimwita Kanyaga, na hata mkewe alipokasirika alimwita hivyohivyo. Jina lilitokana na mazoea yake. Akishamaliza kufunga breki za gari la mtu, alimketisha mwenye gari kwenye usukani, akarudi nyuma hatua kumi, akasimama katikati ya uwanja na kusema, "Njoo kwangu, halafu kanyaga!" Wateja wengine walikataa katakata. Mama mmoja alishuka garini akaenda zake kwa miguu, akisema hakuja pale kuua mtu. Kanyaga alicheka mpaka akakohoa. Kwake yeye, fundi wa breki anayeogopa kusimama mbele ya kazi yake afadhali akauze nyanya. Miaka thelathini na minne, na hakuna gari lililowahi kumgusa hata suruali.

Sasa niseme lililo kweli, maana kuzungukazunguka hakumsaidii mtu. Kanyaga alikuwa anasahau. Sisemi kusahau kwetu sisi, kutafuta miwani nayo tumeivaa. Asubuhi moja alikwenda dukani mara tatu kununua sabuni ileile. Siku nyingine alimwuliza mkewe shemeji yake hajambo, na huyo shemeji walikwisha kumzika miaka sita nyuma. Mkewe alijibu, "Hajambo," akaingia chumbani, akafunga mlango. Kisha likaja la gereji: gari la mteja lilirudi siku ileile lilipotoka, gurudumu linacheza, nati zote zimekazwa kwa vidole tu.

Gereji ilikuwa ya mpwa wake, mtoto wa dada yake, ambaye Kanyaga mwenyewe alimfundisha kazi tangu hajui spana ya kumi na mbili na ya kumi na tatu zina tofauti gani. Mpwa alilivumilia lile la nati wiki mbili nzima. Mwishowe alimwita pembeni, karibu na pipa la mafuta machafu.

"Mjomba, mimi sikufukuzi. Nani anaweza kukufukuza wewe hapa?"

"Ukianza hivyo najua unanifukuza."

"Nataka ukae pale mbele, upokee watu, upokee simu. Spana tuachie sisi."

Kanyaga alimtazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Akasema, "Nipe gari moja. Moja tu. Nilifunge peke yangu toka mwanzo mpaka mwisho, kazi ngumu, si kubadilisha pedi za breki. Ukague mwenyewe. Ukikuta kosa, naweka spana chini na hutasikia neno."

"Na nisipokuta?"

"Benchi langu unaniachia mpaka nife."

Mpwa alikubali, kwa sababu alimpenda na kwa sababu hakuwa na ubavu wa kukataa. Gari nalo lilikwishapatikana. Lilikuwa la binti yake Kanyaga, na ni yeye baba aliyelichagua. "Nitakuwa mwangalifu kwa gari la nani kuliko la mwanangu?" alisema.

Binti alikuwa mwalimu, na gari lake lilikuwa kale kadogo kenye mlango wa nyuma unaofunguka juu, kanakoingia watu wanne wakiwa hawajashiba. Nyumba yake ilikuwa juu mlimani, shule chini. Kila asubuhi aliteremka kilomita saba za kona tupu, na alipofika chini breki zilikuwa zinanuka kama nguo iliyounguzwa na pasi, na pedali imelegea chini ya mguu. Mtengenezaji wa kale kagari alikuwa ametoa pia gari ndugu yake la mbio, umbo lilelile ila injini ya kishetani, na breki za kufaa injini hiyo. Kanyaga alilifuata moja kwenye uwanja wa magari mabovu, lilikuwa limegongwa nyuma hadi kwenye viti, lakini mbele zima. Akang'oa diski zake, kalipa zake zinazozibana diski hizo na silinda kuu ya breki, akavibeba nyumbani ndani ya gunia kama mtu aliyeiba.

Kufunga breki kubwa kwenye gari dogo si kuchomoa hiki na kuchomeka kile. Diski mpya ilikuwa pana kama sinia, ya zamani kando yake ilionekana kisosi. Kalipa mpya ilikuwa na pistoni nne, ya zamani moja. Matundu hayakulingana, kwa hiyo Kanyaga alichora bamba la chuma la kuunganisha, akampelekea mkereza vyuma, akalirudisha mara mbili kwa sababu ya upungufu wa nusu milimita. Ringi za zamani za magurudumu hazikuweza kuimeza kalipa, zikatafutwa kubwa zaidi. Silinda kuu ilibidi nayo ibadilishwe, vinginevyo pedali ingezama nusu ya njia kabla gari halijasikia lolote. Yote haya aliyajua bila karatasi wala simu. Aliyesahau jina la jirani hakusahau upana wa pistoni.

Siku hizo tatu zilikuwa siku njema, na ndilo linaloniuma mimi ninapozisimulia. Alipiga miluzi. Aliwatania mafundi wenzake, akamwambia mmoja wao kwamba anakaza boliti kama anapapasa mayai. Jioni alikula akamaliza sahani. Mkewe alimtazama akitafuna, akaanza kujidanganya kwamba labda ni uchovu tu, labda ni presha, labda yatapita.

Katika gereji ile kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote, na aliyeiweka ni Kanyaga mwenyewe. Boliti ya breki hukazwa kwa spana ya kipimo, ile inayolia "tak" ikishafika kiasi kinachotakiwa. Ikishalia, fundi huchukua brashi ndogo na kuipaka boliti tone la rangi. Kila fundi ana rangi yake, na ya Kanyaga ilikuwa njano. Boliti yenye tone haiguswi tena na mtu mwingine yeyote. Kuijaribu kwa spana yako ni kumwita mwenzako mwongo, na kwa kosa hilo Kanyaga aliwahi kumzaba mpwa wake kibao zamani za uanafunzi.

Kwa hiyo Jumamosi, saa sita mchana, mpwa alipopiga magoti kukagua, alikagua kwa tochi. Magurudumu ya mbele yalikuwa hayajarudishwa. Kila upande boliti mbili zilishika bamba, mbili zikashika kalipa. Mpwa alihesabu kimoyomoyo, akapata nane, na juu ya kila moja tone la njano. Akatazama mipira ya mafuta ya breki, hakuna panapovuja. Akaingia ndani akakanyaga pedali, ikawa ngumu kama ukuta. Alitoka akiwa na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mjomba, sina la kusema. Benchi ni lako. Na unisamehe."

"Nikusamehe nini? Ulikuwa unafanya kazi yako."

Kisha Kanyaga alikwenda nyuma ya kompresa, mahali ambapo kelele zingemficha, akalia kidogo. Alipotoka binti yake alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amekaa mlangoni juu ya kiti cha gari kilichong'olewa, daftari za wanafunzi zimemjaa mapajani, kalamu nyekundu mkononi.

"Shikamoo baba. Tayari?"

"Marahaba mwanangu. Dakika tano tu, nivae magurudumu."

"Wewe au gari?"

"Nyamaza usahihishe."

Alifunga gurudumu la kushoto. Akahamia kulia, na kwa kuwa gari lilikuwa la mwanawe alitaka hata mahali pasipoonekana paondoke pakiwa safi. Akachukua kitambaa akafuta alama ya vidole kwenye kalipa, akafuta bamba, akashuka kwenye boliti ya chini. Kitambaa kilizunguka. Akadhani kimeteleza. Akakitupa, akaishika boliti kwa vidole viwili, na boliti ikazunguka tena, taratibu, tone la njano likazunguka nayo.

Alichuchumaa pale asijue la kufanya na mikono yake. Aliitafuta ile "tak" kichwani. Alikumbuka redio ilikuwa inasema nini, alikumbuka utani wa mayai, alikumbuka brashi ikinuka rangi. Ya boliti ile hakukumbuka kitu, wala ya zile nyingine saba. Palikuwa patupu, kama ukuta ulioondolewa picha.

Akachukua spana ya kipimo akaivuta. Tak. Akazijaribu nyingine tatu za kulia, zilikuwa zimekaza. Akalitoa tena gurudumu la kushoto, akajaribu nne za upande ule, zote zimekaza. Ilikuwa moja tu, na sasa haikuwepo tena. Kagari ka binti yake kalikuwa salama kuliko siku kalipotoka kiwandani. Hakuna aliyeona. Mpwa alikuwa simu sikioni, binti ameinamia daftari. Angefunga magurudumu, angeenda uwanjani, angesimama hatua kumi, na kagari kangesimama vizuri kabisa. Benchi lingebaki lake. Na alilitaka, tusimpambe. Alilitaka lile benchi kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote maishani mwake.

Kilichomnyanyua si ushujaa, ni hofu. Boliti hii ameigundua kwa sababu ya kitambaa tu, na kitambaa amekishika kwa sababu gari ni la mwanawe. Magari ya watu wengine hakuyafuta. Na hakuna fundi hata mmoja aliyeyajaribu baada yake, kwa sababu yalikuwa na njano, na njano haiguswi.

"Mpwa wangu," aliita, "hebu njoo. Kata hiyo simu."

Alimweleza kwa maneno machache. Mpwa alisikiliza, akaanza kukataa kabla hajamaliza kusikia.

"Labda ulipaka kwanza, halafu ukaenda kuleta spana. Inatokea. Na si umeshaikaza? Basi, Mjomba. Basi, yaishe."

"Mangapi?"

"Mangapi nini?"

"Magari. Mangapi yametoka hapa na njano yangu tangu nianze kuwa hivi?"

Neno hilo, hivi, hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Mpwa aliinamisha macho. Akauliza kwa sauti ndogo, "Umeanza kuwa hivi tangu lini, Mjomba?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Walijaribu. Mpwa alivuta karatasi ya boksi la pedi, akaandika ubavuni. Kanyaga alitaja teksi ya kijani, na mpwa akaandika. Akataja gari la mikate, na mpwa akaandika. Akataja la yule daktari, jeupe, lililobonyea mlango wa nyuma, akaeleza hata mwenyewe alivyokuwa akivuta mguu. Kalamu ya mpwa haikusogea.

"Mjomba, huyo daktari ulimfungia mimi nikiwa mwanafunzi wako. Lile gari lilishauzwa chuma chakavu."

Kanyaga alikaa chini, juu ya sakafu yenye mafuta, na suruali yake safi ya Jumamosi. Alisema hapana, ni juzi tu. Kisha akasema labda ni kweli. Kisha akaona kwamba hata hiyo teksi na hilo la mikate hawezi kuyaapia. Miaka yote thelathini na minne ilikuwa imechanganyika kichwani kama boliti zilizomwagwa kwenye beseni moja, na katika hizo zote kulikuwa na watu wanaoteremka vilima muda huohuo, miguu yao juu ya pedali, bila wasiwasi.

Binti alikuwa amesimama. Hakujua alisimama saa ngapi. Daftari zilikuwa zimeenea miguuni pake. Walimu wenzake sita walikuwa wameleta magari kwa baba yake mwaka huo, kwa sababu yeye aliwaambia walete. Hakumtazama baba. Alitoa simu, akatafuta jina, akaiweka sikioni, na ilipopokelewa aligeukia ukuta. Kompresa ilikuwa imezimwa, na kila mtu gerejini alisikia.

"Mwalimu, uko wapi sasa hivi? … Umeshaanza kuteremka? Simama. Simama hapohapo pembeni, shusha watoto. … Hapana, sikutanii. Breki zako alizifunga baba yangu."