Mama Ritifaa na Ukuta wa Kliniki

Jina hilo alipewa kwa kejeli. Aliyelianzisha ni jirani yake, mwenye duka la kuchapa mabango kwa mashine, siku mama huyu alipoingia dukani kwake na brashi ingali mbichi mkononi, akamwambia mbele ya wateja kwamba bango lake jipya ni aibu ya mtaa mzima. Bango liliandikwa YOUR WELCOME.

"Makaribisho yangu yamefanya nini?" akamuuliza. "Umeyataja, halafu ukayaacha hewani. Yameibiwa? Yamekufa?"

Jirani akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe ni kile kijimkia cha juu tu, ritifaa? Haya, Mama Ritifaa, tumesikia."

Jina likashika. Naye, kwa ukaidi, akalichora kwa herufi nyekundu zenye kivuli juu ya mlango wa karakana yake, ili jirani alisome kila asubuhi akifungua duka.

Kuchora maandishi alifundishwa na baba yake, aliyekuwa mchoraji kabla yake. Shule aliishia darasa la saba. Yaliyobaki aliyapata kwenye ngazi, akimshikia baba kopo la rangi. Mzee hakuwa na maneno mengi, lakini aliyokuwa nayo aliyarudia. "Rangi ikikauka, mwanangu, na uongo wako umekauka nayo." Kisha akamweleza ritifaa. Ya kwetu ina sauti. Iondoe kwenye ng'ombe uone ulimi unavyokwama. Ya Kiingereza ni bubu. Inakaa pale herufi ilipoondoka, kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi kwenye foleni, na ukimfukuza mtu huyo, foleni yote inavurugika.

Alikua na mafunzo hayo, na hasira nazo zikakua. Aliyeandika CHILDRENS alimwambia ameandika "mawatoto". Mwenye bucha aliyetaka SHEEPS alimuuliza: "Wewe kondoo wako wakiwa wawili unawaitaje? Si kondoo vilevile? Basi na Mwingereza kamwacha kondoo wake kama alivyo." Marehemu mumewe alikuwa hakubali kutembea naye mjini, maana safari ya dakika kumi ilichukua saa nzima ya kugombana na kuta. Watu walimwona ana kichaa kidogo. Yeye aliona ni watu wanaovaa nguo ya kuazima halafu wanaivaa nyuma mbele, na nguo ya kuazima haisitiri matako hata ikivaliwa vizuri.

Kisha ikajengwa kliniki ya akina mama, jengo jeupe la ghorofa moja kwenye barabara ya juu, na kazi ya ukuta wa mbele akapewa yeye. Alifurahi kuliko alivyoonyesha. Binti yake, mtoto wake pekee, alikuwa na mimba ya miezi sita na kadi yake ilikuwa ya kliniki hiyohiyo. Mama Ritifaa aliuchora ukuta ule akijua mjukuu wake angezaliwa nyuma yake.

Karatasi ya Mkurugenzi wa kliniki ilisema: WERE HERE FOR YOU DAY AND NIGHT. Alipoisoma alitikisa kichwa, akaandika inavyotakiwa, WE'RE, yaani 'tupo', akaikalisha ritifaa yake pale juu, nene na nyeusi, kama baba alivyomfundisha. Kazi ilimchukua siku tatu.

Mkurugenzi alipokuja kuiona hakushuka hata garini. Aliteremsha kioo. "Lile doa ni la nini?"

"Si doa, Bosi. Ni ritifaa."

"Kwenye karatasi yangu haikuwepo."

"Karatasi ilikosea. Tukiiacha hivyo, maneno yanasema 'tulikuwa hapa kwa ajili yako'. Kama watu waliokwisha kuondoka."

Mkurugenzi akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu vyenye matone ya rangi. "Mimi nimesoma ng'ambo, Mama. Wewe umeishia wapi?"

"Darasa la saba."

"Basi ing'oe."

 Alitaka kumwambia kwamba hiyo ng'ambo yake haiandikiki bila ritifaa, na hilo neno "ing'oe" nalo limeibeba tumboni. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini alimkumbuka binti yake na ile kadi, akawaza mtu kama huyu anaweza kumkataza nani mlangoni, akayameza. Mwenye nguvu mpishe. Akapanda ngazi, akaifuta ritifaa kwa rangi nyeupe, na kwa hasira alipaka mara tatu pale ambapo mara moja ingetosha. Akajifariji kwamba ukuta ni ukuta, wauguzi ni wauguzi.

Mimba ilipotimia, uchungu ulimshika binti yake siku ya Jumapili, saa sita mchana, jua la utosini. Walifika kliniki kwa gari la jirani mwingine, aliyewashusha akaondoka, wakageuka na kukuta kufuli langoni. Si kufuli dogo. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akasimama kwa aibu.

"Wamekwenda kwenye sherehe, mama. Mkurugenzi anapewa tuzo."

"Wote? Na wa zamu?"

"Na wa zamu. Alisema anawahitaji kwenye picha."

Mlinzi, Mungu amlipe, alifungua lango dogo la pembeni, lakini funguo za ndani hakuwa nazo. Akakimbia kumwita mkunga mstaafu aliyeishi ng'ambo ya barabara. Mtoto alizaliwa kwenye sakafu ya baraza, juu ya koti la mlinzi, akalia vizuri. Mama yake ndiye aliyetoka damu isiyokoma. Mkunga alifanya alichoweza kwa mikono mitupu. Mama Ritifaa alikuwa amepiga magoti amemshika binti yake kichwa, na alipoinua macho kutafuta msaada alikutana na kazi yake mwenyewe, herufi zenye urefu wa mkono. Tulikuwa hapa kwa ajili yako, usiku na mchana.

Gari la mikate ndilo lililowapeleka hospitali kubwa. Binti alilazwa siku kumi na moja. Akapona, lakini kizazi kilitolewa. Mtoto yule wa kwanza ndiye wa mwisho.

Mwezi mmoja baadaye Mkurugenzi alikuja mwenyewe karakanani, kwa miguu safari hii. Wageni waliotembelea kliniki walikuwa wameupiga ukuta picha huku wakicheka, na picha ikasambaa.

"Mama," akaanza kwa sauti laini, "ile alama uliyoniambia. Naona ulikuwa sahihi. Naomba uirudishe kabla ya Ijumaa."

Mama Ritifaa aliendelea kuosha brashi. "Siirudishi."

"Si wewe uliyesema ni kosa?"

"Lilikuwa kosa siku ile. Jumapili ile binti yangu alizalia sakafuni kwako, chini ya maneno hayo, na wauguzi wako wa zamu wamekwenda kupiga picha na tuzo yako. Sasa ni sahihi. Ukuta wako ndio kitu pekee pale kwako kilichosema kweli, na mimi sitaufundisha uongo."

"Nitapata mwingine wa kuichora."

"Mtafute. Huyo hapo jirani ana mashine."

Akaenda kwa jirani kweli. Ijumaa asubuhi ritifaa ilikuwa imebandikwa, plastiki nyeusi inayong'aa, lakini imekaa baada ya R. WER'E. Haikusema walikuwepo, haikusema wapo. Haikuwa neno la Kiingereza wala la lugha yoyote aliyowahi kuzaliwa nayo mtu.

Mama Ritifaa alisimama chini yake, mjukuu mgongoni, kadi ya chanjo mkononi. Kwa miaka yote ya kazi yake hakuwahi kupita kosa kama lile bila kugonga mlango wa mwenyewe. Alilisoma hadi mwisho, akatema mate kando, akamkaza mtoto mgongoni na kuendelea na barabara, mwendo wa saa mbili, kwenda kumchanjisha hospitali kubwa.