Tulibadilisha bodi ya boila, pasi ikaanza kutema maji baridi

Wakuu, heshima kwenu nyote. Siku hiyo tulikuwa wanne, na wote wapo, wanaweza kunisuta nikiongeza chumvi: mimi, mdogo wangu Hamisi, kitinda mimba wetu Rehema, na jirani yetu Bi Tatu.

Tuko Shelui, pale malori yanapopumzika. Nina kaofisi ka dobi. Tunafua mashuka ya gesti na kunyoosha nguo za sherehe kwa pasi ya mvuke. Mvuke unatoka kwenye boila dogo la umeme lililokaa kona ya chumba.

Wazazi walipotangulia niliacha shule kidato cha pili nikabaki na wadogo zangu. Sisemi ili mnionee huruma, nataka tu mjue Hamisi ni nani kwangu. Alikuwa ndo kwanza ametoka chuo cha ufundi, fani ya umeme.

Sasa umeme ukacheza, bodi ya boila, ile saketi inayoliongoza, ikaungua. Watu wakanishauri niite fundi kutoka mjini. Nikakataa. Kazi ya Hamisi hiyo.

Akaniambia, "Dada, hii ikinishinda narudi kupakia vitunguu kwenye malori. Sishiki tena waya wa mtu."

Na huyu bwana akisema kitu, kaa ujue kimesemwa.

Bodi mpya ikaja, Hamisi akaifunga. Kwa kuwa boila lilikuwa limezimwa, tukamwaga maji yote tukakwangua ukoko wa chumvi ndani. Maji ya kisima chetu mnayajua nyie wa Singida, sabuni yenyewe inayagomea.

Bi Tatu akaingia na kanzu za harusi ya mwanawe, ya kesho yake. Nyuma yake mkokoteni na pipa.

"Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba wanangu. Nimewaletea maji ya mvua. Sitaki kanzu ya mwanangu itoke na madoa meupe kama mbuzi."

Kwetu huku maji ya mvua wakati wa kiangazi ni ya mgeni na ya mtoto mchanga. Mtu akikupa pipa zima, amekupa heshima. Tukajaza boila.

Hamisi akawasha. Taa ya kijani ikawaka. Pampu ikaanza kuvuta maji, na kawaida yake boila likijaa inanyamaza yenyewe.

Haikunyamaza.

Nikabonyeza pasi. Badala ya mvuke, maji baridi chwaaa, yakamwagikia miguu ya Rehema.

"Kaka, umetengeneza bomba la mvua?" Rehema akasema. Tukacheka wote isipokuwa mwenyewe.

Akazima, akatoa bodi, akalinganisha waya na picha aliyopiga kabla ya kufungua. Kila kitu mahali pake. Akarudisha. Pampu ikalia vilevile, kisha taa nyekundu. Akampigia muuzaji, akajibiwa kuwa ameunga vibaya, simu ikakatwa.

Rehema akamwambia aunganishe tu umeme moja kwa moja bila kupitia bodi, boila lichemke.

"Likikauka nalo linachemka? Unataka tuungue humu?" Hapo Hamisi alikuwa mkali kweli. Lakini baadaye nikamwona anakusanya bisibisi zake taratibu, anazifuta moja moja. Roho ikaniuma.

Bi Tatu akawa ameshateka maji yaliyobaki kwenye pipa, akachemsha chai. Hakuna mtu anayekata tamaa bila kunywa chai, ndivyo anavyoishi yule mama.

Hamisi akapiga funda moja. Akaacha kutafuna andazi.

"Bi Tatu, chai hii tamu."

"Haina chumvi, mwanangu. Maji ya Mungu hayo."

Akaweka kikombe chini. Wakuu, niliona uso wake unabadilika kama mtu aliyeitwa jina lake. Akachukua mita yake ya kupimia umeme, akatumbukiza nyaya zake kwenye ndoo ya kisima, akasoma. Akazitumbukiza kwenye maji ya pipa, akasoma. Akaanza kucheka peke yake.

"Dada, bodi ni nzima! Ndani ya boila kuna kijiti. Bodi inajua maji yapo kwa sababu umeme kidogo unapita kwenye maji kutoka kwenye kile kijiti. Maji ya chumvi yanaupitisha. Haya ya mvua hayaupitishi. Boila limejaa mpaka shingoni, bodi inadhani ni tupu!"

Alizima, akapunguza maji, akaongeza jagi la maji ya kisima. Akawasha. Pampu ikavuta kidogo, ikanyamaza.

Tukasubiri lichemke. Halafu pasi ikapiga mluzi, mvuke mweupe hadi darini. Bi Tatu akapiga vigelegele, Rehema akamrukia kaka yake mgongoni. Mimi nilijifanya nakunja mashuka, machozi yananitoka.

Kanzu zilitoka safi, bila doa. Na Hamisi siku hizi anaitwa hadi kule Mkiwa kutengeneza pampu.

Nilichojifunza: ukibadilisha kifaa kikagoma, usiseme kifaa tu. Jiulize siku hiyo ulibadilisha nini kingine. Na msiruke kile kijiti cha kupima maji mkaunga moja kwa moja, tafadhali.

Kama yamekukuta ya hivi, tiririka hapo chini. Wenye maji ya chumvi mnatumia nini kwenye boila?

Bi Tatu akipita mlangoni bado ananiita "mdaiwa wangu". Namdai Mungu mvua, yeye ananidai pipa lake la maji ya mvua. Bati nimeshalifagia, mfereji umeshaelekezwa, pipa liko tayari. Mawingu tu ndo hayajaja.