Mtazamaji Mmoja Aliyebaki

Dada yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Pindo, kwa sababu hajawahi kumruhusu mteja atoke dukani na pindo lililokwenda upande. Mimi ni mdogo wake. Nakaa kwenye stuli nashona vifungo na kugombana naye, na tangu binti yake amnunulie simu ya kisasa, sababu za kugombana hazitupungukii.

Nisikufiche, simu ile naiogopa. Ukiizoea asubuhi, jioni imeshajibadilisha. Kitufe kilichokuwa chini kimehamia juu, kingine hakionekani tena, kingine kinakuhoji kama polisi. Dada naye anaiogopa, lakini kuiacha hawezi. "We mtoto, njoo uone maajabu!" ataniita, na mvi zangu hizi. Maajabu yenyewe ni mioyo. Binti yake alimfundisha kujirusha moja kwa moja mtandaoni: anaiegemeza simu kwenye kopo la vifungo, inaonyesha mikono yake ikishona, na watu asiowajua wanamtumia mioyo myekundu inayopaa juu.

"Jamani, wananiangalia natia uzi kwenye sindano!" anasema. "Hivi hawa hawana kazi?" Halafu anacheka peke yake.

Wakati huo tulikuwa na mgeni. Tulimwita Mwalimu, maana ndiyo kazi aliyoiacha alipomkimbia mumewe. Mume yule alishamvunja mkono mara mbili, akaapa kwamba safari ya tatu itakuwa shingo. Mwalimu alikuwa akilala chumba cha nyuma ya duka. Simu yake alikwishaitupa, kwa sababu kila alikojificha nayo, mumewe alitokea. Hatukumwambia mtu yeyote kwamba yuko kwetu.

Asubuhi moja dada aliamua kumpunguzia gauni, kwa kuwa nguo zote zilikuwa zinampwaya. Simu ilikuwa hewani tayari. Mwalimu akasita mlangoni.

"Mama, hiyo inaonyesha nini?"

"Mikono yangu tu, mwanangu. Wewe simama kule pembeni, hakuna atakayekuona."

Akasimama pembeni, karibu nami, nikaanza kumbana pini kiunoni. Nyuma ya dada, ukutani, kuna kile kioo kirefu cha kujaribia nguo. Tumekaa nacho miaka mpaka hatukioni tena. Hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria.

Dada husoma kila kitu kwa sauti, taratibu, kama anatafuna. "'Mama... mishono yako... safi. Duka... liko wapi?'" Basi hapo umemgusa. Dada hawezi kumwona mteja anauliza njia akanyamaza. Akajibu papo hapo, kifua mbele: "Karibu sana! Shuka kituo cha mafuta, ufuate ukuta wa shule, mlango wa bluu!"

Mioyo ikapaa. Halafu akasoma tena: "'Asante. Nipo jirani. Mke wangu... amekonda.'"

"Mke wake ndiyo nani tena?" dada akaniuliza, huku anacheka.

Nikainua macho. Mwalimu alikuwa ndani ya kile kioo cha ukutani, mbele ya jicho la simu, mzima mzima, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Aliketi tu sakafuni na pini zake kiunoni, rangi imemtoka.

Tukachanganyikiwa. Dada alitafuta kitufe cha kuzimia, hakipo. Jana yake simu ilikuwa imejibadilisha tena. Akagusa huku, akagusa kule, mwisho akaibwaga kifudifudi mezani na kuirundikia vitambaa. "Imekufa hiyo!" akasema, anahema.

Mimi nikamnyanyua Mwalimu. "Pita mlango wa nyuma. Nenda stendi ya juu, siyo ya sokoni, umenisikia? Stendi ya juu! Panda basi la kwanza linaloondoka, usiulize hata linakokwenda." Kunong'ona mimi sijui. Nilirudia tena kwa sauti ileile, kwa sababu woga ulikuwa umemziba masikio. Akavaa khanga juu ya zile pini, akatoka.

Tukakomea milango yote miwili, tukasubiri. Dada alishika pasi ya moto, mimi mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Kila aliyepita nje nilijua ndiye yeye. Viatu vikaja, vikapita. Vingine vikaja, vikapita.

Hakuja mtu.

"Labda ameingiwa na aibu," dada akasema, baada ya muda mrefu.

"Aibu gani? Amepotea njia huyo. Maelekezo yako nani anayaelewa?" Tukacheka kidogo, jasho linatutoka. Mungu atusamehe, tulicheka.

Dada akafukua vitambaa, ampigie binti yake amuulize namna ya kuizima vizuri. Akaigeuza simu, akaitazama. Kisha akanipa.

Picha ilikuwa bado inakwenda. Nikaiona dari yetu, nikauona uso wangu mwenyewe. Watazamaji wengine wote walikuwa wameshachoka kutazama giza, wakaondoka. Amebaki mmoja. Na chini kulikuwa na maneno yake, yaliyoandikwa zamani tu, tulipokuwa tumeshika pasi na mkasi: "Stendi ya juu. Asanteni sana, mama zangu."

Wakati namaliza kusoma, dada alikuwa ameshafungua mlango, anakimbia pekupeku barabarani, analiita jina la Mwalimu kwa nguvu zake zote.