Tonge la Baseme

Emérita alikwenda kumchukua mume, akarudi na mbwa. Hivyo ndivyo watu wa vilima vya juu ya Kalembe walivyomsimulia kwa miaka, na wengine walicheka wakisimulia, maana mdomo wa jirani hauna mlango. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Wakati wa vita ya wazungu mumewe, Honoré, aliteremka msituni upande wa Walikale kuchimba mawe ya bati. Vita ikaisha, yeye akabaki huko huko, mpaka siku moja habari ikapanda kwamba udongo umemfunika. Emérita akajitwika kikapu cha maharagwe ya njiani, akashuka kwa miguu hadi mgodini, akaonyeshwa rundo la matope na kuambiwa, yumo humo. Hakupewa hata shati lake.

Alipokuwa anarudi, kijiji cha Mpofi kikiwa kimeshabaki nyuma, alisikia kitu kinakoroma kichakani. Alikuwa mbwa mchanga, mtego wa waya umemkaza shingo hadi kwenye nyama. Emérita alipiga magoti akaanza kuulegeza ule waya kwa kucha na kwa meno. Mbwa akamng’ata mkono. Emérita hakumwachia. Honoré walishindwa kumtoa, alijiambia kwa hasira, lakini huyu nitamtoa mimi. Akampandisha vilimani ndani ya kikapu kilekile, maharagwe yakiwa yamekwisha.

Alimpa jina la Baseme, maana yake waache waseme, na kila jioni alipomwita kwa sauti kubwa majirani walijua wamejibiwa.

Mbwa mwenyewe hakujibu mtu. Aliogopa nyayo za wanaume, aliogopa mchi ukigonga kinu, aliogopa hata kuku wenye vifaranga. Maskani yake ilikuwa chini ya ghala la mahindi. Maharagwe yalipandwa, yakatoa maua, yakavunwa, ndipo alipokubali kula Emérita akiwa anamtazama. Kabla ya hapo ilibidi aweke bakuli lake la mti chini, ageuke, ajifanye ana shughuli na kuni. Siku Baseme alipolala akamwekea kidevu juu ya mguu, Emérita hakuthubutu kusogea mpaka ugali ukaungua jikoni. Hakuwa amejaliwa mtoto. Tusimwonee haya kwa kusema kwamba alimpenda mbwa kama mtu.

Waliishi hivyo miaka kadhaa. Kisha Emérita akaanza kuungua vidole bila kusikia. Anashika chungu cha moto, harufu ya ngozi inamfikia puani kabla ya maumivu. Mabaka yakamtoka mgongoni. Infirmiye, muuguzi aliyekuwa akizungukia vijiji, akamchoma kwa sindano hapa na pale, akamwuliza anasikia wapi, halafu akairudisha sindano mkobani. Ukoma. Akamweleza kwamba kuna dawa mpya, kwamba kuna kambi ya wagonjwa chini, upande wa Walikale, kwamba ugonjwa huu hauruki kutoka mtu hadi mtu kama kiroboto. Atarudi kumchukua baada ya mavuno. Mbwa hawaruhusiwi kule.

Mavuno yakafika karibu, na Emérita hakulia kwa ajili ya vidole vyake. Alilia kwa ajili ya Baseme. Mbwa asiye na mwenyewe vilimani hupigwa mawe, na huyu wake hakujua hata kukimbia vizuri. Akiogopa alikuwa analala chini tu na kufumba macho.

Sasa, kwa watu wa vilima vile, mbwa hapewi mtu mkono kwa mkono kama jembe. Anayempokea hufika nyumbani kwa mwenye mbwa, chakula kikapikwa, bakuli la mbwa likaoshwa na kutiwa chakula hicho. Mpokeaji hula tonge la kwanza, mbwa akimwona, kisha humwachia kinachobaki na kuondoka na bakuli. Bila tonge hilo mbwa hujihesabu kwamba ameibwa. Hapo ndipo penye kazi. Tangu sindano ya infirmiye, hakuna aliyekuwa amekunywa hata maji nyumbani kwa Emérita. Waliomhurumia walimwekea viazi juu ya kisiki nje ya ua, wakaita, wakaenda zao. Nani angekula tonge lililopikwa na mkono ule, ndani ya bakuli lililooshwa na mkono ule?

Alimwomba kwanza Libérata, waliyebatizwa naye siku moja. Libérata alisimama ng’ambo ya ua, machozi yanamtiririka.

“Dada, miye niko na batoto badogo. Usiniombe ile kintu.”

Emérita hakumlaumu. Angekuwa na watoto, pengine naye angesimama palepale.

Akaja Théoneste, katekista, mtu mwema kabisa. Alisema mambo ya tonge ni ya wazee, Mungu anatazama roho. Na kwa kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akamfunga Baseme kamba shingoni, palepale penye kovu la waya, akamvuta mpaka kwake. Huko akamwekea nyama katika sahani mpya ya bati. Baseme hakuigusa nyama, wala maji. Akarudi kwa Emérita usaha unamtoka shingoni, kipande cha kamba kinaburuta. Théoneste akamfuata nyuma, kofia mkononi.

“Mama Emérita, nilijaribu. Hii imbwa ilikuwa inakufa mbele ya macho yangu.”

“Najua, Papa. Asante.”

Ndipo Emérita alipofikia uamuzi ambao hakuupenda: Baseme afe kwa pigo moja na azikwe, asingoje mawe. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Alituma neno kwa Marcellin, mdogo wake Honoré, aliyekaa chini kidogo ya kilima na mkewe Adelaïde: njoo na jembe. Marcellin alikuwa mtu wa maneno machache. Tangu kifo cha kaka yake alimlimia Emérita shamba kila msimu, akalima na kuondoka, hata salamu ukiipata ni bahati.

Alikuja mchana, jembe begani. Emérita alikuwa amepika ugali wa muhogo na maharagwe, chakula cha mwisho cha mbwa wake. Baseme alikuwa chini ya ghala, ametoa pua tu.

“Fanya mbiyo, shemegi,” Emérita akasema, “mbele ya roho yangu kugeuka.”

Marcellin aliegemeza jembe ukutani. Akaketi kwenye kigoda.

“Chakula iko?”

“Iko. Lakini ni ya Baseme.”

“Ndiyo hiyo nasema. Leta.”

Emérita alilitoa bakuli, akaelekea kwenye kisiki, maana ndivyo alivyozoea sasa kuwapa watu vitu. Marcellin akanyoosha mikono yote miwili. Akalipokea, mikono yake juu ya vidole vya Emérita vyenye makovu ya moto, na hakufanya haraka kuiondoa. Akamega tonge, akachovya, akala. Alitafuna taratibu kama mtu aliye nyumbani kwake.

“Inakosa chumvi,” akasema.

Emérita alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio, akajifunika uso kwa kitenge.

“Na Adelaïde? Atasema nini?”

“Atasema.” Akameza. “Kaka yangu sikumuzika, shemegi. Na imbwa yako sitaizika.”

Akaliweka bakuli katikati ya miguu yake, akatazama vilima. Hakumwita Baseme. Mbwa alitoka akitambaa kwa tumbo, akarudi, akatoka tena. Kivuli cha nyumba kiliufikia ua kabla hajaingiza mdomo ndani ya bakuli. Marcellin hata kope hakupepesa. Mwishowe akanyanyuka pole pole, bakuli kwapani, jembe begani, akashuka. Baseme akamfuata kwa mbali, akisimama, akigeuka kumtazama Emérita, ambaye alikuwa ameelekeza uso ukutani kama mila inavyotaka.

Siku ya safari infirmiye alitangulia mbele na fimbo. Njia inapita chini ya ua wa Marcellin, na mtu aliyetoa mbwa haruhusiwi kumwita jina tena. Emérita alitaka afuatwe, na aliomba asifuatwe, vyote kwa pumzi moja. Baseme akamwona. Akaja mpaka ukingoni mwa ua, masikio yamesimama, mguu mmoja umeinuliwa. Marcellin alikuwa akipalilia, mgongo kwao. Alipiga ulimi mara moja, bila kugeuka. Baseme akashusha mguu, akarudi, akalala nyuma ya visigino vyake.

Emérita alilia njia nzima ya mteremko, wala hakujificha. Infirmiye akasimama kumngoja.

“Mama, muguu inakuuma?”

“Hapana, Papa. Imbwa yangu haikunifwata.”

“Pole, Mama.”

“Usiniambie pole,” Emérita akasema. “Iko na mwenyewe.”