Kijerumani changu kilipimwa kwa Kiingereza, nikaangushwa

Wakuu wa jukwaa, salaam aleikum. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Diani. Nikiongeza chumvi, ni ile ya mchuzi tu.

Shule niliifikia mlangoni nikageuza. Lakini Kijerumani? Wallahi, hata papa wa baharini kule kisiwa cha Chale wakiniona wanatangulia kunisalimu "Guten Morgen".

Nilifundishwa na bibi mmoja Mjerumani, nikimmwagilia bustani miaka tisa. Kiingereza hakukijua yeye, sikukijua mimi. Neno nililijua kwa kazi linayoifanya. Nikizembea, bibi ananihimiza: "Mach schnell!" Nikipandwa na hasira, ananituliza: "Ganz ruhig, Juma."

Basi hoteli moja ikatafuta mtu wa kuwapeleka watalii Wajerumani kisiwa cha Funzi kwa boti. Kazi niliyoiota maisha yangu yote!

Kufika interview, napewa karatasi. Kiingereza kitupu: hurry up, calm down, hang out.

"Geuza kwa Kijerumani," anasema meneja.

"Madam, nipe Kiswahili chake, au niletee Mjerumani."

"Mzee, kama Kiingereza hukijui, Kijerumani utakijulia wapi?"

WAKUU! Damu ilichemka ungepikia pilau ya harusi tatu.

Akachukuliwa Dennis, kijana wa bara mwenye cheti. Simlaumu, ana heshima zake.

Siku ya safari yake ya kwanza nilikuwa hapo ufukweni, napaka rangi boti ya binamu yangu. Mara mawimbi yakaitikisa boti ya hoteli, mama mmoja Mjerumani akang'ang'ania ukingo, analia, hapandi wala hashuki. Dennis anamsomea maneno yake ya karatasi, mama anazidi kilio.

Nikatupa brashi, nikamshika mkono. "Ganz ruhig. Ich hab Sie." Yaani, nimekushika.

Akapanda, katulia kama mtoto aliyeshiba maziwa.

Meneja aliona yote. Nikajua kazi imerudi nyumbani. Akanijia na tabasamu: "Mzee, uwe unasimama nyuma ya Dennis, unamnong'onezea."

Nimnong'onezee! Mimi redio?

"Nein, danke," nikamkatalia, nikarudi kwenye rangi yangu.

Dennis akanifuata mbio. "Shikamoo mzee. Ile 'ganz ruhig' ndiyo 'calm down'?"

"Marahaba. Sijui, mwanangu. Ndiyo unayomwambia mtu aliyeogopa."

Akainamisha kichwa, akaandika mkononi.

Funzo langu: neno likitoka Diani halina haja ya kupitia Nairobi ndipo lifike Msambweni hapa jirani.

Nani mwingine kapimwa urefu kwa mizani? Semeni, hasira ninazo za kugawa.