Uwanja Juu ya Udongo Mweusi

Mke wangu alivunjika kifundo cha mguu akienda kuanua nguo. Hakuteleza, wala hakusukumwa na mtu. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, na udongo wa nyuma ya nyumba yetu hapa Bariadi ulikuwa umepasuka kama unavyopasuka kila mwaka. Mguu wake uliingia kwenye ufa, mwili ukaendelea mbele.

Plasta ilipotolewa, daktari alisema mfupa umeunga vizuri. Aanze kutembea, kisha akimbie taratibu kwenye ardhi iliyo sawa. Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniuliza, "Hiyo ardhi iliyo sawa iko wilaya gani?"

Alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya watumishi, mtu wa kuruka na kutua kwa mguu mmoja huku akicheka. Sasa alitembea akitazama chini, mkono ukutani. Wenzake walipokuja kumwita mazoezini aliwaambia waandikishe mfungaji mwingine, kisha akabadilisha mazungumzo. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko mguu wenyewe.

Nikaamua kumjengea nusu ya uwanja wa netiboli nyuma ya nyumba, wenye goli moja na nyasi bandia. Kwa asiyezijua, nyasi hizi ni zulia nene lenye nyuzi za kijani zilizosimama. Vipande hutandikwa kimoja kando ya kingine kama mikeka, maungio yakabandikwa kwa gundi. Halafu mchanga mkavu humwagwa juu na kufagiwa uingie katikati ya nyuzi, ili nyuzi zisilale na zulia lisisogee. Kazi hii inaeleweka, na mtu mwenye kiwanja kidogo asiogope kuifikiria. Ila zulia ni uso tu. Linafuata umbo la kilicho chini yake. Maneno hayo nilikuwa nikiwaambia watu kabla sijayaelewa mwenyewe.

Fundi alikuja kutoka Mwanza na wenzake wawili. Mpango wao ulikuwa kusawazisha, kushindilia, kumwaga mchanga, kutandika. Siku nne. Mke wangu alikuwa ameketi mlangoni pa jiko, nami nikasimama kumweleza kila hatua. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nimekulia milimani Upareni. Yeye ni binti wa wakulima wa pamba wa Ngulyati. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza, mwalimu?"

"Nimemaliza."

"Basi niletee ndoo ya maji."

Nilidhani anataka kunawa. Akanishika bega, tukaenda polepole mpaka kwenye ufa uliopita chini ya kamba ambayo fundi alikuwa ameivuta kupimia uwanja, akaniambia nimimine humo. Maji yote yakazama. Akataka ndoo ya pili, nayo ikaenda. Ya tatu ilipozama, fundi aliacha sepeto akaja kuangalia.

"Shemeji, unamwagilia nini hapo?"

"Uwanja wenu. Huu udongo mweusi ndiyo mbuga tunayolimia pamba, kaka. Sasa hivi una kiu. Mvua ikija utakunywa mpaka uvimbe, na zulia lako litakuwa na matuta utafikiri tumepanda viazi."

"Tutashindilia na mashine, shemeji. Hautainuka."

"Shindilia. Baba yangu naye alishindilia. Amejenga choo mara tatu pale nyumbani, vyote vimepasuka. Cha nne ndiyo akachimba kwanza, akajaza mawe."

Wale wenzake wawili wakacheka, fundi akajikuna shingo. Mimi niliona aibu. Miaka yote nimeandika ubaoni kwamba udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Wanafunzi wangu wanalijibu swali hilo vizuri. Nami kila masika nilikuwa nikimlaumu seremala kwa sababu mlango wa jikoni haufungi.

Tukabadilisha mpango. Udongo mweusi ulichimbwa na kuondolewa mpaka kina cha juu kidogo ya goti. Chini yakapangwa mawe, juu yake moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe unaomwagwa barabarani. Moramu humwagwa kwa matabaka membamba. Kila tabaka hunyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa kabla ya kuongeza jingine, maana ukimwaga yote kwa pamoja, mashine hukaza juu tu na chini hubaki kulegea. Kuzunguka uwanja tukachimba mfereji wa kupeleka maji ya mvua barabarani. Siku nne zikawa wiki tatu. Mke wangu alisimamia akiwa kitini, na kufikia wiki ya pili fundi alikuwa akimuuliza yeye, si mimi.

Zulia likatandikwa, goli likasimamishwa. Mke wangu hakukanyaga.

"Nasubiri mvua," alisema. "Nikianguka mara ya pili, mwalimu, sitanyanyuka tena kwa ajili ya mpira."

Sikumbembeleza. Nilivuta kamba kutoka kona hadi kona, ikigusa zulia, nikawa naitazama kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Mvua ilipokuja ilinyesha wiki nzima. Nguzo ya kamba ya nguo iliinama. Njia ya kwenda bafuni ikainuka katikati. Niliipima ile kamba ya uwanjani nikiwa nimepiga magoti, nikaipima tena, nikakaa palepale kwenye nyasi zilizolowa. Haikuwa imeachana na zulia hata upana wa kidole.

Alasiri ile jua lilipotoka, mke wangu alikuja. Aliinama akabonyeza zulia kwa kiganja hapa na pale, kama mtu anayechagua godoro dukani. Kisha akavua ndala, akatembea mpaka katikati bila kutazama chini. Nikaanza kumwonyesha jinsi maji yalivyopenya kwenye matundu ya zulia na kushuka mpaka kwenye mawe.

"Leo usieleze," akasema. "Nirushie mpira."

Wa kwanza aliurusha akiwa amesimama, ukakosa. Wa pili aliruka. Alitua kwa mguu uleule, akasimama imara, nami nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishikilia tangu kiangazi.

"Goli lako liko chini," akasema. "Ulipima kwa futi au kwa macho?"

Nilimwambia nitapima tena. Hakunisubiri, mpira ulikuwa umebingirika mpaka ukingoni, naye alikuwa ameshaufuata mbio.